Tuwatoe Watoto Darasani Waione Nchi Yao

Ndugu wananchi, leo nataka tuzungumze habari ya somo moja ambalo wengi wetu tulilisoma kwa kuogopa fimbo, tukalifaulu kwa kukariri, na tukalisahau siku ile ile tuliyotoka katika chumba cha mtihani. Somo hilo ni jiografia. Najua wako watakaouliza: katika gazeti la watu wenye mambo mazito ya nchi, jiografia inatafuta nini? Jibu langu ni fupi. Mtu asiyeijua nchi yake hawezi kuilinda, hawezi kuilima vema, wala hawezi kutambua anapodanganywa juu yake. Nchi hii watu waliipigania. Itakuwa aibu kubwa tukiwalea watoto wanaoijua kwa jina tu.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kutembelea shule moja ya sekondari iliyo karibu na bahari. Jina lake sitalitaja, maana kosa nililoliona pale si lake peke yake. Mwalimu alinikaribisha kwa adabu, akanipa kiti nyuma ya darasa, akaendelea na kazi yake. Siku hiyo alikuwa akifundisha habari ya maji kujaa na kupwa. Aliandika maelezo ubaoni kwa Kiingereza, wanafunzi wakayanakili. Kisha akauliza swali, na darasa zima likajibu kwa sauti moja kama kwaya. Hakuna aliyekosea hata neno.

Kipindi kilipokwisha niliomba ruhusa ya kuuliza swali moja. Nikasema, "Wanangu, leo maji yatakupwa saa ngapi?"

Kimya. Wakatazamana. Mawimbi yalikuwa yakisikika dirishani, lakini hakuna aliyefungua kinywa. Mwishowe msichana mmoja wa safu ya nyuma akanyanyua mkono nusu, kama anayeogopa kuchekwa. "Shikamoo babu. Leo mwezi tatu, bado ni bamvua. Maji yatakupwa sana karibu na saa sita mchana. Mama amekwenda miambani kuchokoa pweza."

Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Sasa mbona ulikaa kimya muda wote huu?"

Akajibu, "Nilidhani hayo si jiografia, babu. Hayo ni mambo ya nyumbani."

Ndugu zangu, ugonjwa wote uko katika maneno hayo. Mtoto yule alikuwa na elimu kamili ya bahari. Alijua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, nayo ndiyo bamvua. Na katikati yake huja maji mafu. Alijua kwamba saa ya maji husogea mbele kila siku, karibu dakika 50. Hayo ndiyo yaliyokuwa yameandikwa ubaoni! Lakini hakuna mtu aliyemwambia kwamba maneno ya ubaoni na pweza wa mama yake ni jambo moja. Shule ilikuwa imemfundisha kuidharau elimu aliyokwisha kuwa nayo.

KASUMBA HII ILITOKA WAPI

Tusimlaumu mwalimu yule kijana. Anafundisha kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha naye alifundishwa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilishika chaki miaka mingi, na ninaungama. Niliwafundisha watoto habari za Bonde la Tennessee kule Marekani, mabwawa yake na umeme wake, nikamwadhibu aliyesahau. Bonde la Rufiji, ambalo mto wake ndio mkubwa kuliko yote katika Tanzania, nililipitia kwa kipindi kimoja. Leo bwawa la Julius Nyerere limejengwa katika mto huo huo wa Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Nilipoona habari hizo nilijiuliza: wale niliowafundisha Tennessee, wangapi kati yao wangeweza kueleza kwa nini bwawa limewekwa pale na si mahali pengine? Wangapi wanajua maji yake yanatoka milima gani?

Jiografia ya mkoloni ilikuwa na kazi yake. Ilikuwa orodha ya mali: hapa pamba, hapa katani, hapa kahawa, na njia ya kuzifikisha bandarini. Mtoto wa Kiafrika hakutakiwa kuuliza kwa nini. Alitakiwa kujua vitu viko wapi ili awe karani mzuri. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akasema wazi kwamba elimu tuliyorithi inamtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote ya maana yamo katika vitabu. Tangu hapo mitaala imebadilishwa mara kadhaa. Ule wa 2005 ulizungumza habari ya umahiri, na ule wa 2023 umelikazia tena neno hilo hilo. Maneno ni mazuri. Lakini mtaala hautembei wenyewe. Darasa likiwa bado ni ubao, chaki na kunakili, tumebadilisha jalada la kitabu na kuacha kurasa zilivyokuwa.

HASARA YA KUTOIJUA ARDHI

Wako wanaodhani kwamba somo hili ni la kupamba cheti tu. Hao nawapeleka Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Wakapanga kulima karanga Afrika Mashariki katika mamilioni ya eka, sehemu kubwa ikiwa katika Tanganyika. Wataalamu wao walizunguka kwa majuma machache, nchi nyingine wakiitazama kutoka katika ndege, wakaandika ripoti. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Matrekta yakaja, hata mitambo ya vita ikageuzwa kuwa ya kung'olea visiki. Nini kilitokea? Miti ya pori lile ilikuwa na mizizi migumu iliyovunja vyuma. Udongo ulikuwa na mchanga mkali uliokula majembe, tena una mfinyanzi ambao mvua ikikatika hukauka ukawa kama saruji, hata karanga hazitoki. Na mvua yenyewe haikuwa ya kutegemewa. Ilipofika 1951 mpango ulikuwa umekufa, na walipa kodi wa Uingereza walikuwa wamepoteza zaidi ya pauni milioni 30.

Sasa niambieni, ni nani pale Kongwa asiyejua kwamba mvua ya Ugogo ni chache na ina kigeugeu? Mzee wa Kigogo alijua. Ndiyo maana alilima uwele na mtama na kufuga ng'ombe. Alikuwa na jiografia ya Kongwa kichwani mwake, lakini hakuna aliyemwuliza. Wenye vyeti walifeli mtihani ambao mchunga ng'ombe angeufaulu.

Hali kadhalika Uluguru. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Nia inaweza kuitwa njema, lakini kazi ilikuwa ya kutumikishwa, na udongo wa sehemu nyingi za pale ni mwembamba. Ukiuchimba unaleta juu udongo usio na rutuba. Mwaka 1955 Waluguru walikataa, ghasia zikatokea, na mpango ukaachwa. Wakati huo huo, kule Mbinga, Wamatengo walikuwa wakilima milima mikali kwa ngoro, yaani vishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki. Maji ya mvua hutulia ndani yake na majani huoza humo yakawa mbolea. Hakuna bwana shamba wa Ulaya aliyewafundisha. Ngoro wanazilima mpaka leo.

Mtoto akisimuliwa habari hizo mbili, tena akapelekwa kwenye mteremko ulio nyuma ya shule yake akaone maji yanavyobeba udongo, hatasahau mmomonyoko mpaka anaingia kaburini. Mpe maelezo ya kunakili, atayasahau Ijumaa.

WAZEE WETU WALIKUWA WANAJIOGRAFIA

Watoto wetu huambiwa kwamba Afrika "ilivumbuliwa". Basi wafundishwe na upande wa pili. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, akaandika. Mabingwa waliokuwa wamekaa London walimcheka, wakasema theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Wachaga waliokuwa wakiishi chini yake hawakuhitaji kuambiwa. Miaka michache baadaye Rebmann na mwenzake Erhardt walitoa ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya nchi, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Ramani hiyo waliichora kwa maelezo ya wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wakisafiri bara na misafara. Kosa lilikuwa kuunganisha maziwa matatu kuwa moja. Lakini ni ramani hiyo, iliyotoka katika vinywa vya watu wa huku, iliyowasukuma Burton na Speke kuja mwaka 1857. Na walipokuja waliongozwa na watu waliokuwa wakizijua njia, mmoja wao akiwa Sidi Mubarak Bombay.

Hata lugha yetu ni kitabu cha jiografia. Tunaposema kaskazini na kusini tunataja pepo mbili: kaskazi, inayovuma tangu mwisho wa mwaka mpaka Machi hivi, na kusi inayoifuata. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Kwa nini Kilwa ilitajirika zamani? Kwa sababu ilikuwa mahali ambapo chombo kutoka kaskazini kingeweza kufika na kurudi kwa msimu mmoja wa pepo. Na saa yetu? Mgeni hushangaa tunapoita saa moja wakati saa yake inaonyesha saba. Lakini sisi tuko karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na jua huchomoza karibu wakati ule ule. Kuanza kuhesabu saa kwa jua ni akili, si ushamba. Mwalimu akianza na hayo, mtoto ataielewa Ikweta kwa nusu saa. Akianza na mistari ya kufikirika kwenye mpira wa plastiki, atahangaika muhula mzima.

MAMBO MATANO YASIYOTAKA FEDHA

Kulalamika bila kuonyesha njia ni kazi ya wavivu. Kwa hiyo nataja mambo matano ambayo shule yo yote yaweza kuyafanya kuanzia Jumatatu. Hakuna linalohitaji mfadhili.

Jambo la kwanza ni fimbo. Isimamishwe uwanjani wima, ya mita moja, na kila siku saa sita mchana watoto wapime kivuli chake. Dar es Salaam wataona ajabu: kutoka mwanzoni mwa Machi hadi karibu na tarehe 10 Oktoba kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, miezi mingine huelekea kaskazini, na katika zile siku mbili za kugeuka jua huwa utosini, kivuli kikatoweka chini ya fimbo. Hapo ndipo mtoto atauliza mwenyewe, "Kwani jua linahama?" Akishauliza hivyo, mwalimu amekwisha shinda. Tena siku hizi simu zipo. Mwalimu wa Dar es Salaam na mwenzake wa Kigoma wapigiane siku moja, kila mmoja aseme kivuli kilikuwa kifupi kuliko vyote saa ngapi na dakika ngapi. Watakuta Kigoma imechelewa dakika zipatazo 39, ijapokuwa saa za mkononi ni zile zile. Longitudo imefundishwa, na gharama yake ni simu moja.

Jambo la pili ni kopo. Kopo lenye pande zilizonyoka, rula, na daftari. Kila asubuhi mtoto wa zamu apime mvua. Kisha hesabu: milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi paa la darasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 likinyeshewa milimita 10 linapokea lita 1,600, yaani ndoo kubwa 80. Ni shule ngapi ambapo wasichana huchota maji mbali huku ndoo hizo 80 zikimwagika uani? Mtoto akishafanya hesabu hiyo, ataanza kuuliza kamati ya shule maswali. Na ni vema aulize.

Jambo la tatu ni soko. Wapelekeni watoto sokoni na karatasi, kila kikundi kiulize bidhaa tano zimetoka wapi. Vitunguu vya Mang'ola na Singida, machungwa ya Muheza, mchele wa Kyela na Mbarali, nyanya za Iringa, viazi vya Njombe, dagaa wa Mwanza na Kigoma, ndizi za Rungwe, karafuu za Pemba. Wakirudi wazichore katika ramani ya nchi, kisha waulize: kwa nini viazi hupenda Njombe? Ni kwa sababu ya baridi ya milimani. Kwa nini nyanya huwa ghali masika? Waulizeni madereva wa malori habari za barabara. Soko ni atlasi, na kina mama wauzaji ni walimu wasiolipwa.

Jambo la nne ni ramani ya kijiji. Kabla mtoto hajachora Ulaya, achore njia ya kutoka kwao mpaka shuleni, kwa kuhesabu hatua. Aonyeshe mto, kisima, mwinuko, shamba. Kisha alinganishe na ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000, ambamo sentimita 2 ni kilomita moja. Baada ya hapo aitwe mzee wa mahali, aonyeshe mto ulipopita zamani, na mvua za El Nino za 1997 na 1998 maji yalifika wapi. Wazee wa kandokando ya Ziwa Victoria watasimulia habari waliyoiona au kuachiwa na wazazi wao, kwamba mvua zilizoanza 1961 zililipandisha ziwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache. Alama hizo zichorwe kwa rangi nyekundu. Ramani hiyo itundikwe ofisini kwa mtendaji wa kijiji, ili kesho mtu akija kugawa viwanja bondeni aone watoto wamekwisha kuonya.

Jambo la tano ni kuhoji ramani yenyewe. Chukueni chungwa, chorani juu yake mabara, kisha limenyeni na mjaribu kulilaza ganda mezani bila kulipasua. Haiwezekani. Ndivyo ilivyo dunia: kila ramani bapa ina uongo wake, na mjuzi ni yule anayejua uongo uko wapi. Ramani ya Mercator ya mwaka 1569 ilichorwa kuwafaa mabaharia, lakini ukiitundika darasani Greenland huonekana karibu sawa na Afrika, hali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha ramani hiyo mashuleni na kutumia zinazoonyesha ukubwa wa kweli. Basi vijana wetu wasingoje kuambiwa. Waulize pia: kwa nini mpaka wetu na Kenya umenyooka kama uzi kutoka bahari, halafu unapinda kuuzunguka Kilimanjaro? Wengi wataleta hadithi ya malkia aliyempa mjukuu wake mlima kuwa zawadi. Si kweli. Wajerumani walikuwa wamejipatia mikataba upande wa Kilimanjaro mwaka 1885, Waingereza wakaitaka bandari ya Mombasa, na mwaka 1886 wakapatana Ulaya, wakachora. Wenye mlima hawakuwapo. Mtoto akilijua hilo, atajua kwamba mstari katika ramani una mwenyewe aliyeuchora, na alikuwa na haja yake.

MAJIBU KWA WENYE MASHAKA

Nitaambiwa: madarasa yamejaa, mwalimu mmoja na watoto 80 au zaidi, atawatoaje nje? Ni kweli, na wanaosema hivyo hawasemi uvivu. Lakini watoto 80 ndani ya chumba ni mzigo mzito kuliko watoto 80 uwanjani walio katika vikundi 8, kila kikundi na kiongozi wake na kazi yake. Kipindi kimoja kwa juma chatosha kuanza. Na wazazi wasaidie kuwasindikiza watoto wakienda mbali au karibu na maji. Usalama ni jambo la kwanza.

Nitaambiwa: mtihani hauulizi kopo wala fimbo. Hapo nakubali, na hapo ndipo wakubwa wa elimu wanapopaswa kusikia. Mwalimu hufundisha kinachoulizwa. Mtihani ukiuliza "taja", atafundisha kutaja. Mtihani ukimpa mtoto kipande cha ramani na daftari la mvua la mwaka mmoja ukasema "wapi ungejenga zahanati, na kwa nini?", basi shule zote nchini zitatoka nje bila waraka wo wote. Kazi ya nje ambayo mwanafunzi ameifanya mwenyewe ipewe alama za kweli katika matokeo yake.

Liko na jambo la lugha. Mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari jiografia inageuka Kiingereza, na elimu yote ya bamvua, kusi, vuli na masika inabaki mlangoni kama viatu msikitini. Sisemi Kiingereza kitupwe. Ni lugha ya kazi na ya dunia. Nasema mwalimu asione haya kuanza na neno ambalo mtoto amelinyonya kwa mama yake, kisha amfundishe la kigeni. Mwacha asili ni mtumwa, na anayelazimishwa kuiacha ni mtumwa mara mbili.

JAMBO HILI NI LA MAISHA

Namalizia na jambo zito kuliko mitihani. Tarehe 26 Desemba 2004, katika pwani ya Phuket, Thailand, mtoto wa Kiingereza wa miaka 10 aitwaye Tilly Smith aliona maji ya bahari yanatoka povu na kufanya mambo yasiyo ya kawaida. Majuma mawili kabla ya hapo mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewafundisha habari ya tsunami. Akapiga kelele, wazazi wakamsikiliza, ufukwe ukaondolewa watu, na watu wapatao 100 wakaokoka. Siku hiyo hiyo, katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia, karibu sana na chanzo cha tetemeko, watu walikuwa na masimulizi ya wazee wao waliokumbwa na wimbi la mwaka 1907: ardhi ikitikisika na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni vilimani. Walikimbia. Katika watu zaidi ya 70,000 walikufa 7. Mmoja aliokolewa na mwalimu, wengine waliokolewa na bibi na babu. Elimu ni ile ile. Wimbi hilo hilo lilivuka bahari mpaka pwani yetu, na hapa Tanzania pia watu walipoteza maisha, wakiwamo vijana waliokuwa wakiogelea.

Na tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Sisemi kwamba kipindi kimoja cha darasani kingewaokoa wote. Msiba ule ulikuja alfajiri na kwa nguvu. Nasema hivi tu: kila penye mlima, mto au bahari katika nchi hii pana mtoto anayesoma jiografia. Je, mtoto huyo anafundishwa kuutazama mlima wake? Anajua korongo lililo nyuma ya nyumba yao lilichimbwa na nini?

Basi ndugu wanachama, kazi hii tusiwaachie walimu peke yao. Wewe mwenye mashua, wachukue watoto siku ya maji mafu uwaonyeshe matumbawe. Wewe dereva wa lori, simama shuleni nusu saa uwaeleze njia ya Mbeya. Wewe mzee unayekumbuka mto ulipokuwa ukipita, usingoje kuitwa. Nenda ukabishe hodi. Wewe uliye katika kamati ya shule, uliza katika mkutano ujao: mwaka huu watoto wetu wametoka nje mara ngapi? Na ninyi maafisa elimu, mkienda kukagua msihesabu madaftari tu. Waulizeni watoto mto ulio jirani unatoka wapi na unakwenda wapi.

Yule msichana wa safu ya nyuma nilimwomba mwalimu amwite mbele. Kwa heshima ya mgeni akakubali. Akasimama ubaoni, akashika chaki, akachora mwezi na bahari, akawaeleza wenzake kwa Kiswahili saa ya maji ya kesho na kesho kutwa. Darasa lile lililokuwa kimya likalipuka kwa maswali. Wengine wakabishana naye, maana baba zao nao ni wavuvi. Mwalimu alisimama pembeni akiandika. Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani akaniambia, "Mzee, kesho saa sita nitawapeleka miambani."

Natumaini alikwenda.